Daktari wa bima asema mgongo wangu umezeeka: nitathibitishaje kwamba ni gunia?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni mpakizi katika bohari moja upande wa Changamwe, Mombasa. Umri wangu ni miaka 44, na kazi hii nimeifanya miaka 19. Jumanne tarehe 11 Machi 2025 tulikuwa watu wanne tukipakia lori la sukari, magunia 560 ya kilo 50. Mnamo saa nne asubuhi, nilipojipinda kulitia gunia begani, nilisikia kitu kikilia "ta" kiunoni. Niliketi kidogo, kisha nikaendelea polepole hadi lori likajaa. Usiku maumivu yalizidi, na siku ya tatu yalishuka mguu wa kushoto hadi kwenye dole gumba. Ijumaa nilienda zahanati, nikapewa sindano na vidonge. Mwezi Mei nilipigwa picha ya MRI. Karatasi inasema diski ya L4/L5, yaani ile iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imetokeza na inagusa neva, tena kuna uchakavu kwenye pingili tatu. Mwajiri alipeleka fomu ya ajali, lakini daktari wa bima ameandika kwamba shida yangu ni umri wala haina uhusiano na kazi: uchakavu hauji kwa siku moja, nilikawia siku tatu kwenda hospitali, na mwaka 2019 niliwahi kutibiwa mgongo. Afisi ya usalama kazini bado haijatoa uamuzi. Je, nimeshindwa?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa maumivu. Hujashindwa. Lakini kabla hatujafika kwenye karatasi, nisikie kwanza kama mgonjwa. Siku yoyote ukipata ganzi pale unapokalia na kati ya mapaja, au mkojo ukagoma, au ukakutoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikalegea, usingoje miadi yako. Nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Ni hali adimu, lakini ikikupata, kukawia siku moja kunaweza kukuachia ulemavu wa maisha.

Turudi kwa barua ya daktari wa bima. Nimeandika na kusoma ripoti za namna hii kwa miaka mingi, na hiyo yako ni ya aina ninayoikuta mara kwa mara. Kila sentensi ndani yake, ukiichukua peke yake, ni ya kweli. Uchakavu wa pingili hauji kwa siku moja, ni kweli. Ulikawia siku tatu, ni kweli. Mwaka 2019 ulitibiwa mgongo, nalo ni kweli. Kosa limo katika swali alilojiuliza. Yeye ameuliza kama mgongo huu ulikuwa umechakaa kabla ya tarehe 11 Machi. Swali la fidia ni jingine: hali uliyo nayo leo, ungekuwa nayo lau usingeliinua gunia lile asubuhi ile? Ukilishika swali hilo la pili na usiliachie, madai yako yatakuwa na uti.

Nianze na picha, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu. Mwaka 2015 jarida la Marekani la wataalamu wa picha za neva lilichapisha mapitio ya tafiti 33, zenye watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Katika watu hao wazima, uchakavu wa diski ulionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 68 ya wenye miaka 40 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maana yake, ukiwapiga picha wanaume kumi wa rika lako ambao hawajawahi kulalamika kiuno, zaidi ya nusu wataonekana "wamechakaa" kama wewe. Basi uchakavu peke yake hauelezi kwa nini mtu aliyekuwa akibeba magunia Jumatatu hawezi kuvaa soksi Ijumaa. Daktari wa bima ametaja kitu ambacho watu wengi wanacho bila kuumwa, akakifanya ndicho sababu ya maumivu yako.

Lakini takwimu hizo hizo zinakukata na wewe. Katika tafiti zile, diski iliyotokeza ilionekana kwa takriban theluthi moja ya watu wa miaka 40 wasioumwa. Kwa hiyo ukiingia afisini ukiinua MRI na kusema "ushahidi huu hapa", hujathibitisha jambo kubwa. Picha haina tarehe. Hatuna njia ya kuaminika ya kuitazama diski iliyotokeza na kusema hii ilitoka Machi, hii ilitoka miaka mitatu iliyopita. Miiba ya mfupa kando ya pingili ndiyo tunayoweza kusema imechukua muda mrefu kuota, na hiyo haina ugomvi na madai yako. Tena diski nyingi zilizotokeza husinyaa zenyewe baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo yupo anayeumia kweli na akapigwa picha akiwa amechelewa, isionyeshe kitu.

Kinachobeba uhusiano kati ya gunia na mguu wako ni mfululizo wa tarehe, pamoja na dalili zinazofuata njia ya neva moja. Hivyo viwili unavyo, na nadhani hujui kwamba unavyo.

Tafuta kadi ya zahanati ya Ijumaa tarehe 14 Machi. Umeniambia walikupa sindano na vidonge, na najua jinsi kadi za zahanati yenye foleni zinavyoandikwa: mstari mmoja wa herufi tatu nne, kisha dawa. Huenda hakuna neno gunia wala neno kazi, na mwajiri atasema hujamwambia mtu yeyote kwamba uliumia kazini. Sasa tazama kama pembeni ya neno la maumivu pameandikwa 3/7. Hiyo si sehemu ya hesabu. Sisi matabibu tumezoea kuandika siku juu ya saba, wiki juu ya hamsini na mbili, na miezi juu ya kumi na mbili. 3/7 ni siku tatu. Kadi ya tarehe 14 yenye alama ya 3/7 inarudi nyuma moja kwa moja hadi tarehe 11, siku ya lori la sukari. Iliandikwa na mtu asiyejua kwamba siku moja kutakuwa na madai ya fidia, na ndiyo sababu ina nguvu kuliko ripoti ndefu iliyoandikwa miezi sita baadaye. Kama pameandikwa 3/12, yaani miezi mitatu, tuna kazi ya kueleza, na ni heri tulijue sasa kuliko kuoneshwa na upande wa pili.

Nakuomba kwa dhati, usimrudie yule tabibu umwambie aongeze neno "kazini" kwenye kadi ya zamani. Nimeona madai mazuri yakifa kwa wino wa rangi mbili. Unachoweza kumwomba kihalali ni barua mpya, yenye tarehe ya leo, inayosema anachokumbuka au anachosoma katika rejista yake: kwamba ulifika siku fulani, ukiwa na malalamiko fulani yaliyoanza siku fulani, ukatibiwa hivi. Barua mpya ni nyongeza ya ushahidi. Kadi iliyoguswa ni kughushi, hata kama lililoongezwa ni la kweli.

Jambo jingine dogo linalotuponza sisi Waswahili ni saa. Wewe umesema saa nne asubuhi. Karani aliyejaza fomu kwa Kiingereza akiwa na haraka anaweza kuandika 4, na hapo fomu itasema uliumia alfajiri, kabla bohari halijafunguliwa, au alasiri, baada ya lori kuondoka. Wakili wa bima anapenda sana pengo kama hilo. Omba nakala ya fomu ya ajali, ile ya DOSH/WIBA 1 ambayo wengi bado huiita LD 104, uisome mwenyewe au usomewe. Kama imeandikwa saa isiyo yako, andika barua fupi ya kusahihisha sasa hivi: niliumia saa nne asubuhi, yaani 10.00 kwa saa ya Kizungu.

Kwa nini ulikawia siku tatu? Daktari wa bima anaichukulia kama dalili kwamba hukuumia. Kitabibu ni kinyume chake: maumivu ya kiuno kwanza, kisha baada ya saa au siku kadhaa maumivu ya mguu, ni mwendo tunaoujua vizuri wa diski inayotokeza. Utando wa nje wa diski hupasuka, kiini cha ndani hutambaa nje, kinaifikia neva, neva inavimba. Mtu wa kazi za sulubu hujikaza, hununua vidonge kwa duka la dawa, hupaka dawa ya kuchua, hungoja. Kama ulilipa vidonge hivyo kwa M-Pesa, ujumbe ule una tarehe na saa. Kama ulimwandikia nyapara kwamba leo siji, mgongo umekataa, ujumbe huo ni dhahabu. Usibadilishe simu kabla hujauhifadhi.

Kisha wapo wenzako watatu wa lori lile. Wasiandike kwamba "mwenzetu aliumia uti wa mgongo kwa sababu ya kazi", kwa kuwa hayo hawayajui. Waandike walichokiona na kukisikia: alikuwa ameshika gunia, alipiga ukelele, aliketi juu ya mbao, alimaliza kazi akiburura mguu au akishika kiuno, kesho yake hakuja. Karatasi ya kutoka langoni ya lori lile nayo itaonyesha tarehe na idadi ya magunia. Magunia 560 kwa watu wanne ni 140 kwa kila mmoja, na 140 mara kilo 50 ni tani saba zilizopita juu ya uti wako siku moja.

Hesabu hiyo ina kazi yake. Katika madai ya namna hii kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya: kazi ya aina hii inaweza kudhuru mgongo, na je, iliudhuru wako? La kwanza ni rahisi. Taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipitia tafiti mwaka 1997 ikaona ushahidi wenye nguvu wa uhusiano kati ya kunyanyua mizigo na matatizo ya kiuno. Kanuni yao ya kunyanyua huanzia kilo 23, na hizo ni kwa mazingira yaliyo bora kabisa: mzigo karibu na mwili, bila kujipinda, bila kurudia rudia. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima anayebeba mara kwa mara. Bima watakuambia 50 iko chini ya 55. Wajibu kwamba hukubeba gunia moja, na kwamba ulikuwa umejipinda.

Swali la pili, la mgongo wako wewe, linajibiwa na mwili wako. Umesema maumivu yalishuka hadi dole gumba. Hukujua, lakini hapo umesema jambo zito. Diski ya L4/L5 ikitokeza upande, kwa kawaida huibana neva ya L5, na neva ya L5 ndiyo inayohudumia uso wa juu wa wayo na dole gumba, ndiyo inayoliinua dole hilo. Lau ungesema maumivu yameishia kidole cha mwisho na kisigino, tungefikiria neva ya S1, nayo hubanwa na diski ya chini yake. Picha yako inasema L4/L5, mguu wako unasema L5. Vimekubaliana, na wewe uliusimulia mguu kabla picha haijapigwa. Mtaalamu wa mifupa au wa upasuaji wa neva akikulaza chali akainua mguu ulionyooka, akapima nguvu ya dole gumba, akapitisha pamba juu ya wayo na kuandika alichokipata pande zote mbili, huo ni ushahidi ambao neno "umri" haliwezi kuufuta. Umri hauchagui mguu mmoja na dole moja katika wiki moja.

Sasa mwaka 2019. Nahisi wakati unaandika ulitamani nikwambie ufiche. Usifiche. Daktari wa bima tayari analo, na daktari wako akiandika ripoti bila kulijua, upande wa pili utamuuliza swali moja tu, "Je, mgonjwa alikuambia kuhusu 2019?", na ripoti nzima itaporomoka pamoja na uaminifu wako. Lichukue tukio lile ulitumie wewe. Lilidumu siku ngapi? Lilishuka mguuni? Ulipewa mapumziko? Ulirudi kazini lini, na baada ya hapo ulibeba magunia miaka mingapi bila kukosa zamu? Kama jibu ni kwamba yalikuwa maumivu ya kiuno ya wiki moja, bila mguu, kisha ukafanya kazi karibu miaka sita, basi 2019 ni shahidi wako: inaonyesha mgongo uliokuwa na kasoro ndogo na ukimudu kazi, hadi siku moja ukaacha kuimudu. Iombe hospitali uliyotibiwa nakala ya kumbukumbu, na umwombe mwajiri rejista ya mahudhurio.

Kisheria hoja hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1956 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi iliyotoka Scotland, ya mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma cha Bonnington Castings aliyevuta vumbi la silika. Vumbi lilitoka mahali pawili: moja mwajiri angeweza kulizuia, jingine hakukuwa na njia ya kulizuia. Mahakama ilisema si lazima mfanyakazi athibitishe kwamba vumbi lenye kosa ndilo sababu pekee, inatosha kwamba lilichangia ugonjwa kwa kiasi cha maana. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wa Kenya, lakini husomwa na kuheshimiwa. Na ipo kanuni ya zamani kwamba aliyemuumiza mtu humchukua kama alivyomkuta. Aliyeajiri mtu mwenye mgongo wa miaka 19 ya magunia amemchukua pamoja na mgongo wake huo.

Afadhali pia ujue usichohitaji kuthibitisha. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, hii tunayoiita WIBA, huna haja ya kuonyesha kwamba mwajiri alizembea. Nasoma barua nyingi za wafanyakazi zilizojaa malalamiko: hakutupa mikanda, nyapara ni mkali, hakuna mapumziko. Huenda yote ni kweli na yanauma, lakini hayajibu swali lililo mezani. Unachohitaji ni kuonyesha kwamba wewe ni mfanyakazi wake, kulitokea ajali itokanayo na kazi na ukiwa kazini, uliumia, na jeraha limetokana na ajali hiyo, yote kwa kipimo cha uwezekano ulio mkubwa zaidi kuliko kinyume chake. Si lazima mtu awe na hakika kamili, na madaktari wengi hawalijui hilo. Wao wamefunzwa kutosema hadi wawe na hakika ya utafiti, kwa hiyo huandika "inawezekana". Neno hilo linaangusha madai, kwani kila kitu kinawezekana. Na lipo jingine baya zaidi, la kusema tu kwamba majeraha "yanaafikiana na maelezo ya mgonjwa". Kuafikiana si kusababishwa.

Kwa hiyo usimwendee daktari ukamwambia "niandikie ripoti ya WIBA". Mpelekee karatasi zote kwa mpangilio wa tarehe, ikiwemo barua ya daktari wa bima, na umwombe ajibu maswali mahususi: ugonjwa wangu ni upi, upo kwenye neva ipi, ulikuwapo kabla ya tarehe 11 Machi 2025, kama ulikuwapo ulikuwa ukinizuia nini, tukio lile lilibadilisha nini, na kwa nini unakubaliana au hukubaliani na daktari wa bima. Akishakupima, na kama kweli ameyakuta haya, aya ya mwisho ya ripoti nzuri husomeka karibu hivi: "Mgonjwa alifanya kazi ya upakizi bila kizuizi tangu 2019 hadi Machi 2025. Alipata maumivu ya ghafla ya kiuno akiinua gunia la kilo 50, na ndani ya siku tatu yakashuka mguu wa kushoto kufuata njia ya neva ya L5. Nimekuta udhaifu wa kuinua dole gumba la kushoto na ganzi juu ya wayo, na picha inaonyesha diski ya L4/L5 ikigusa neva hiyo. Uchakavu ulikuwapo kabla, lakini haukuwa umemletea dalili za mguu wala kumzuia kazi. Kwa maoni yangu, uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba tukio hilo ndilo lililosababisha hali yake ya sasa, au limeizidisha kwa kiasi kikubwa." Aya kama hiyo inaeleza sababu zake, na ripoti yenye sababu humshinda daktari mwenye cheo kikubwa aliyeandika mistari miwili.

Kama daktari wako akikupima na asiyakute hayo, ni lazima aandike alichokikuta. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu niliyemhurumia sana kwamba mguu wake wa kisukari haukutokana na kazi. Ilikuwa siku ngumu kwangu. Lakini daktari anayeandika kila anachoombwa, afisi zote zinamjua, na jina lake huwa mzigo kwa mgonjwa wa kweli anayefuata.

Usibadilishe hadithi yako katikati. Watakuja wajuzi wakuambie udai kwamba mgongo umeharibiwa na miaka 19 yote, eti fidia itakuwa kubwa. Majeraha ya kujilimbikiza yapo, lakini njia yake ni ndefu. Tazama wachumaji chai wa Kericho, zaidi ya 1,000, walioishtaki kampuni ya James Finlay huko Scotland kwa ajili ya migongo na viungo vilivyoumizwa na mizigo na mwinamo wa miaka. Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya Edinburgh ilisimamisha shauri lao ili madai yapitie kwanza utaratibu wa WIBA hapa Kenya. Nawaombea wafike, kwa maana dhuluma ya kazi ile naiona kila nikimpima mama aliyechuma chai. Ila wewe una siku moja, saa moja, gunia moja na mashahidi watatu. Miaka 19 ibaki kuwa maelezo ya kwa nini gunia lile lilikukuta dhaifu. Wenye magonjwa yaliyoorodheshwa kwenye Jedwali la Pili la sheria, mathalan wa mapafu yenye vumbi la mawe, wao wana nafuu nyingine: wakionyesha ugonjwa na aina ya kazi, sheria hudhania kazi ndiyo sababu mpaka atakayepinga athibitishe.

Barua ya daktari wa bima si uamuzi. Mwenye kuamua ni Mkurugenzi wa usalama na afya kazini kupitia afisi ya kaunti ya idara yake, DOSHS, na Mahakama ya Juu ilithibitisha njia hiyo tarehe 3 Desemba 2019. Kwa kuwa faili bado iko wazi, ripoti yako mpya, kadi, maelezo ya wenzako na barua ya kusahihisha saa vyote vinaweza kuingia sasa. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Ukiitwa kupimwa na daktari aliyeteuliwa, nenda, kwa maana kukataa kutakuumiza wewe, lakini sheria inakuruhusu kuwa na daktari wako mwenyewe chumbani kwa gharama yako. Mwambie unachohisi bila kukipunguza wala kukiongeza. Daktari mzoefu anajua mgonjwa anayejifanya, na akishakushuku kwa jambo moja hatakuamini kwa mengine.

Kuhusu pesa, uwe na matarajio ya kweli. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Mtu wa mshahara wa shilingi 25,000 akipewa asilimia 15, ni 25,000 mara 96, yaani 2,400,000, na asilimia 15 ya hizo ni shilingi 360,000. Daktari anaweza kupunguza kitu katika asilimia kwa sababu ya uchakavu wa zamani. Hilo linaumiza lakini linajadilika, na ni tofauti kabisa na kuambiwa huna lolote. Kando ya hayo kuna malipo ya muda usioweza kufanya kazi, ambayo hayazidi miezi 12, na gharama za matibabu yanayohitajika, kwa hiyo kusanya risiti zako tangu ile sindano ya kwanza.

Uamuzi ukitoka na hukuridhika, una siku 60 za kuupinga kwa maandishi kwa Mkurugenzi mwenyewe. Naye ana siku 14 za kukujibu, na jibu lake likikukatalia una siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Siku uliyoipokea barua ndiyo itakayokuwa na ubishi, kwa hiyo ikifika iandike tarehe juu ya bahasha, mbele ya shahidi ukiweza, na bahasha hiyo usiitupe.